Vipimo vya Vinasaba katika Kuchagua Seli Shina za Misuli ya Ng'ombe kwa Nyama ya Maabara

Tarehe 5 Agosti 2013, jijini London, Profesa Mark Post wa Chuo Kikuu cha Maastricht, Uholanzi, alionyesha mbele ya waandishi wa habari baga ya nyama ya ng'ombe ambayo haikupitia machinjioni. Ilikuwa imetengenezwa kwa vijiuzi vya misuli vipatavyo 20,000, vilivyokuzwa maabara kutokana na seli shina za ng'ombe, na gharama yake ilitajwa kuwa takriban Euro 250,000. Tangu siku hiyo mambo yamekwenda mbali. Singapore iliruhusu kuuzwa kwa nyama ya kuku ya aina hiyo Desemba 2020, Marekani ikafuata mwaka 2023, na Januari 2024 Israeli ikatoa idhini ya kwanza duniani kwa nyama ya ng'ombe iliyokuzwa maabara. Nchi nyingine zimechukua njia ya pili: Italia ilipitisha sheria ya kuipiga marufuku mwaka 2023.

Mhudumu wa afya ana haja gani na habari hii? Anazo sababu mbili. Kwanza, mgonjwa anayesikia kwamba nyama inakuzwa chupani huuliza maswali ya afya, wala si ya biashara: je, ina saratani ndani yake, je, mwenye mzio aile, je, inaongeza damu? Pili, mbinu zinazotumika kuchagua seli hizo ni zilezile zilizomo katika maabara zetu za hospitali: mashine iliyohesabu CD4 kwa miaka mingi, PCR ambayo kila mtu aliifahamu wakati wa UVIKO-19, na uchunguzi wa kromosomu. Anayezielewa hapa atazielewa pia zinapotumika kwa binadamu.

Neno «kipimo cha vinasaba» hutumika kana kwamba ni kipimo kimoja, ilhali katika kazi hii ni maswali tofauti yanayoulizwa nyakati tofauti. Tutaona kwamba jibu zuri la siku ya kwanza halitoshi, kwa sababu baada ya mtaalamu kuchagua seli, chupa ya maabara nayo huendelea kuchagua, tena kwa vigezo vyake yenyewe.

Seli inayotafutwa

Uzi wa msuli ni seli ndefu yenye viini vingi, na ukishakomaa haugawanyiki tena. Hata hivyo msuli uliochanika hupona. Siri ya kupona huko ilianza kufichuka mwaka 1961, Alexander Mauro alipochunguza msuli wa chura kwa hadubini ya elektroni akaona seli ndogo zilizobanwa kati ya uzi wa msuli na utando mwembamba unaouzunguka. Aliziita seli setilaiti, kwa kuwa zilikaa pembeni mwa uzi kama mwezi ukaavyo pembeni mwa dunia. Katika msuli wa mnyama mzima seli hizi si nyingi. Makadirio ya kawaida ni asilimia 2 hadi 7 ya viini vyote vinavyoonekana kwenye nyuzi. Hulala muda wote, na msuli ukijeruhiwa huamka na kugawanyika. Baadhi hurudi kulala ili kuwa akiba, nyingine hugeuka kuwa seli changa za msuli, huungana zenyewe kwa zenyewe na kufanya uzi mpya.

Wanaohudumia watoto wenye ugonjwa wa Duchenne wanaifahamu seli hii kwa njia ya huzuni, maana misuli ya watoto hao huharibika mfululizo na ukarabati hushindwa kuufikia uharibifu. Miaka ya 1990 mwanzoni kulifanyika majaribio ya kuwadunga wagonjwa seli changa za misuli kutoka kwa watu wazima wa afya. Seli nyingi zilikufa mapema na nguvu ya misuli haikurejea. Lile lililoshindikana ndani ya mwili wa mgonjwa ndilo linalotafutwa sasa ndani ya chupa, ambako hakuna mfumo wa kinga unaozishambulia seli.

Ili kuzipata, ng'ombe hudungwa ganzi na kukatwa kipande kidogo cha msuli, yaani biopsi. Kipande hicho hukatwakatwa, huwekwa katika vimeng'enya vinavyoyeyusha kolajeni, kisha huchujwa. Kinachobaki ni mchanganyiko: seli setilaiti, seli za kuta za mishipa ya damu, seli za damu, seli za tishu unganishi na nyingine zinazoweza kugeuka mafuta. Lakini kabla ya kuchagua seli, mtu amekwisha kumchagua ng'ombe.

Kumchagua ng'ombe

Hatua hii inafanana na ile ambayo wafugaji wa kisasa wameizoea. Damu kidogo, au mizizi ya nywele za mkia, hutosha kutoa DNA ya mnyama. Jeni inayotajwa kuliko zote ni ile ya myostatini, protini inayouzuia msuli usikue kupita kiasi. Mwaka 1997 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, walieleza kwamba panya walioondolewa jeni hiyo walikuwa na misuli yenye uzito wa mara 2 hadi 3 ya kawaida. Mwaka huohuo ikabainika kwamba ng'ombe wa Belgian Blue, wanaojulikana kwa mapaja yaliyofura misuli, wamepoteza herufi 11 za DNA katika jeni hiyohiyo, na Piedmontese wa Italia wana kosa la herufi moja. Mwaka 2004 madaktari wa Ujerumani walieleza katika jarida la kitabibu habari za mtoto aliyezaliwa akiwa na misuli mikubwa kuliko kawaida, naye alikuwa amerithi hitilafu katika nakala zote mbili za jeni ya myostatini.

Hapo msomaji anaweza kuhitimisha kwamba ng'ombe bora kwa maabara ni Belgian Blue. Ingefaa asifanye haraka. Wingi wa nyuzi za misuli wa ng'ombe huyo hujengeka hasa akiwa bado tumboni mwa mama yake (na ndiyo sababu ndama wengi wa aina hiyo huzaliwa kwa upasuaji). Myostatini hutolewa na seli na kusambaa katika tishu na damu. Ndani ya chupa, ambamo kimiminika cha lishe hubadilishwa kila baada ya siku chache na vichocheo vya ukuaji huongezwa kwa mkono, mazingira ni mengine kabisa. Kipimo cha DNA kinatueleza kwa uhakika jeni ya mnyama ikoje. Hakituelezi kwa uhakika uleule seli zake zitafanya nini nje ya mwili. Hilo hujulikana kwa kuzikuza na kuzipima.

Mfano wa jeni za ulaini wa nyama unalifanya jambo hili lieleweke zaidi. Kwa miaka mingi wafugaji wamepima jeni mbili, CAPN1 na CAST, ili kutabiri nyama itakuwa laini kiasi gani. Jeni hizo zinahusu vimeng'enya vinavyokatakata protini za msuli baada ya mnyama kuchinjwa, nyama inapotundikwa kwa siku kadhaa mahali pa baridi. Nyama ya maabara haichinjwi wala haipiti katika hatua hiyo kwa namna ileile. Basi jibu lenye thamani kubwa kwa mwenye bucha linaweza kuwa na thamani ndogo kwa mwenye maabara, ingawa kipimo ni kimoja na karatasi ya majibu inafanana.

Liko na suala la ukoo wa ng'ombe. Jenomu ya ng'ombe iliyochapishwa mwaka 2009, yenye jeni zipatazo 22,000, ilisomwa kutoka kwa jike mmoja wa Hereford, aina ya ng'ombe wenye asili ya Uingereza. Boran wa Kenya na kusini mwa Ethiopia, na Ankole wa Uganda, Rwanda, Burundi na Kagera, wana damu ya zebu kwa viwango mbalimbali. Kipimo kilichotayarishwa kwa kufuata herufi za ng'ombe wa Ulaya kinaweza kushindwa kusoma sehemu fulani kwa ng'ombe hawa, au kusoma sawasawa lakini maana ikawa tofauti. Waganga wanaofuatilia vinasaba vya binadamu wameliona tatizo hilohilo: vipimo vya kutabiri magonjwa vilivyojengwa juu ya watu wenye asili ya Ulaya hupungua usahihi vinapopelekwa kwa Waafrika.

Kuichagua seli

Sasa tunafika penye utata unaowachanganya hata wanafunzi wetu wa mwaka wa kwanza. Ukiacha vighairi vichache, kama chembe nyekundu za damu zisizo na kiini, kila seli ya mnyama mmoja ina DNA ileile. Seli ya ini, ya ngozi na seli setilaiti za ng'ombe mmoja hubeba jeni zilezile. Kwa hiyo kusoma DNA hakuwezi kukuonyesha ni seli ipi katika mchanganyiko ule ni seli shina. Ni kama kitabu kimoja cha mapishi kilichogawiwa wapishi wote wa hoteli: anayepika pilau na anayeoka mikate wana kitabu kilekile, ila kurasa zilizofunguliwa hazifanani.

Kinachosomwa katika hatua hii, basi, ni kurasa zilizofunguliwa, yaani nakala za RNA ambazo seli inazitengeneza kutoka kwenye jeni zinazofanya kazi wakati huo. Jeni ya PAX7 hufanya kazi katika seli setilaiti zilizolala na zile zinazojirudufu huku zikiutunza ushina wao. MYF5 na MYOD huonekana seli zinapoamka na kushika njia ya kuwa msuli. Myogenini huja baadaye, seli zinapokaribia kuungana kufanya uzi. Mtaalamu anayetaka kuongeza idadi ya seli hufurahia kuona PAX7 nyingi na myogenini kidogo. Akiona myogenini imepanda mapema, anajua seli zake zimeanza kukomaa kabla ya wakati, na seli iliyokomaa hairudi nyuma kuongezeka.

Tatizo la kiutendaji ni kwamba kupima RNA kunahitaji kuipasua seli, na seli iliyopasuliwa haiwezi kukuzwa. Kwa sababu hiyo uchaguzi wenyewe hufanywa kwa alama zilizo juu ya utando wa seli, na kipimo cha RNA hutumika kuthibitisha kwa sampuli ndogo kwamba kilichochaguliwa ndicho kilichokusudiwa. Seli huchanganywa na kingamwili zilizotiwa rangi zinazong'aa, kisha hupitishwa moja moja mbele ya mwanga wa leza. Waliofanya kazi katika kliniki za VVU wameiona kazi hii kila wiki, maana CD4 ilihesabiwa kwa njia hiyohiyo. Kwa ng'ombe, zile zenye CD31, ambayo ni alama ya kuta za mishipa ya damu, na zile zenye CD45, ambayo ni alama ya seli za damu, huondolewa. Zinazobaki zikiwa na CD29 pamoja na CD56 ndizo huhifadhiwa. Haifai kutegemea alama moja: CD56 hutumika pia katika maabara za binadamu kutambua seli za kinga ziitwazo seli uaji asilia, na ni kule kuondolewa kwa zenye CD45 kunakozuia kuchanganya hizi na zile.

Maabara isiyo na mashine ya aina hiyo ina njia ya zamani, tena ya bei nafuu. Seli za tishu unganishi hushika haraka kwenye plastiki ya chupa, na seli setilaiti huchelewa. Mchanganyiko ukiachwa kwa muda wa saa moja hivi kisha kimiminika chenye seli zinazoelea kikamiminwa katika chupa nyingine, sehemu kubwa ya zisizotakiwa hubaki nyuma. Usafi wake haulingani na wa mashine, lakini unatosha kwa utafiti mwingi.

Chupa nayo huchagua

Seli moja ikigawanyika mara 20 hupatikana seli zaidi ya milioni moja. Mara 30, zaidi ya bilioni moja. Mara 40, zaidi ya trilioni moja. Hesabu hii ndiyo inayowapa matumaini wenye viwanda, na ndani yake pia mna hatari. Kila mara seli inapogawanyika ni lazima inakili jenomu yake yote, ambayo kwa ng'ombe ni takriban herufi bilioni 2.7 katika kila seti moja ya kromosomu. Makosa hutokea. Mengi hurekebishwa, mengine hayana madhara. Kosa linaloifanya seli igawanyike haraka kidogo kuliko wenzake ndilo linalodumu, kwa sababu ndani ya chupa hakuna kigezo kingine cha ushindi isipokuwa kasi.

Hata bila kosa lolote la DNA, chupa hubadilisha idadi ya waliomo. Tuchukue mfano wa hesabu tu. Katika kila seli 100 zilizochaguliwa, 99 ni seli setilaiti zinazogawanyika kila baada ya saa 30, na moja ni ya tishu unganishi inayogawanyika kila baada ya saa 20. Baada ya siku 10, seli setilaiti zimegawanyika mara 8 na ile nyingine mara 12. Tofauti ya mara 4 maana yake ni kwamba uwiano wa mgeni umeongezeka mara 16, naye sasa ni kama asilimia 14 ya wote. Baada ya siku 20 amefika asilimia 72. Sampuli iliyokuwa safi kwa asilimia 99 siku ya kwanza imekuwa, ndani ya wiki tatu, chupa ya tishu unganishi yenye seli chache za misuli. Atakayeonyesha cheti cha usafi cha siku ya kwanza hatakuwa amesema uongo, lakini pia hatakuwa ameeleza kilichomo chupani.

Ndiyo maana watafiti hujitahidi kuzifanya seli setilaiti zenyewe zibaki shina kwa muda mrefu. Kundi la Maastricht lilionyesha mwaka 2018 kwamba kuizuia njia ya mawasiliano ya ndani ya seli iitwayo p38 husaidia seli za ng'ombe kuutunza ushina wake. Lakini hata hapo zina kikomo. Mwaka uleule wa 1961 ambao Mauro alielezea seli setilaiti, Leonard Hayflick na Paul Moorhead walionyesha kwamba seli za kawaida za binadamu hugawanyika idadi fulani ya mara kisha husimama. Baadhi ya maabara zimeamua kukivuka kikomo hicho kwa makusudi: mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Tufts, Marekani, walieleza jinsi walivyoongeza jeni mbili, TERT na CDK4, wakapata seli setilaiti za ng'ombe zilizoendelea kugawanyika kwa zaidi ya mizunguko 100. Mwanafunzi wa patholojia atazitambua mara moja jeni hizo, kwa kuwa zote mbili huhusishwa na saratani zinapofanya kazi kupita kiasi katika mwili wa mtu. Swali la ulaji wake tutalijibu mbele. Kwa sasa inatosha kusema kwamba seli ya namna hiyo inastahili kufuatiliwa kwa karibu zaidi kuliko ile ambayo haijaguswa.

Ufuatiliaji huo huanza na kromosomu. Ng'ombe ana kromosomu 60. Jozi 29 kati ya 30 zina umbo la mkono mmoja, na zile za jinsia ndizo zenye mikono miwili. Umbo hili ni bahati kwa mpimaji: kromosomu mbili zikiungana, matokeo ni kromosomu yenye mikono miwili ambayo huonekana wazi kwa hadubini ya kawaida. Mwaka 1964 Ingemar Gustavsson wa Sweden alieleza muungano wa kromosomu ya 1 na ya 29 kwa ng'ombe. Baadaye ikafahamika kwamba hupunguza uzazi. Ng'ombe wa namna hiyo anaweza kutoa biopsi bila mtu yeyote kushuku jambo. Maabara ikipima kromosomu mwezi wa tatu na kukuta muungano huo, itajuaje kama umetokea chupani au mnyama alizaliwa nao? Haitajua, isipokuwa iwe imepima damu yake tangu mwanzo na kugandisha sehemu ya seli za siku ya kwanza. Daktari anayepima kreatinini kabla ya kumwanzishia mgonjwa tenofovir anaifuata kanuni hiyohiyo.

Mabadiliko madogo yasiyoonekana kwa hadubini huhitaji kusoma DNA yenyewe. Mafunzo yametokana na seli shina za binadamu, ambazo zikikuzwa muda mrefu huelekea kuongeza nakala za sehemu fulani ya kromosomu ya 20, na baadhi hupata hitilafu katika jeni ya TP53, mlinzi mkuu dhidi ya saratani. Kwa maoni yangu, maabara inayokuza seli za ng'ombe kwa chakula haina udhuru wa kutoipima TP53 mwishoni mwa ukuzaji. Gharama ya kusoma jeni moja imeshuka mno kiasi kwamba kisingizio cha bei hakisimami tena.

Seli hizi ni za nani, na nani mwingine amo?

Kuna swali ambalo linaonekana la kitoto: je, seli zilizo katika chupa hii ni za ng'ombe yule aliyeandikwa kwenye lebo? Historia inaonyesha si la kitoto. Seli za HeLa, zilizotoka kwa Henrietta Lacks aliyefariki huko Baltimore mwaka 1951, zilisambazwa katika maabara za dunia nzima na zilikua kwa kasi kuliko karibu zote. Mwaka 1966 Stanley Gartler alitangaza kwamba mistari 18 ya seli za binadamu, iliyodhaniwa kutoka kwa watu mbalimbali, yote ilikuwa na aina moja ya kimeng'enya cha G6PD, aina inayopatikana kwa watu wenye asili ya Afrika. Wahudumu wetu wanaifahamu G6PD kwa sababu ya primakwini na upungufu wake. Huku ilitumika kama kitambulisho, na hitimisho lilikuwa kwamba HeLa ilikuwa imeingia katika chupa zile na kuwameza wenyeji. Siku hizi utambuzi hufanywa kwa kulinganisha vipande vifupi vya DNA vinavyojirudia, sawa na vinavyotumika katika kuthibitisha uzazi. Kwa seli za ng'ombe kipimo hicho kinapaswa kulinganishwa na damu ya mnyama aliyetoa biopsi.

Utambuzi wa spishi ni rahisi zaidi, na umekwisha kuonyesha thamani yake. Mapema mwaka 2013 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ireland ilitangaza kwamba vipimo vya DNA vilikuta nyama ya farasi katika baga zilizouzwa kama za ng'ombe. Kwa Waislamu jambo hili lina uzito wa pekee. Mwaka 2024 Baraza la Dini ya Kiislamu la Singapore lilitoa fatwa kwamba nyama ya kukuzwa inaweza kuwa halali kwa masharti, mojawapo likiwa kwamba seli zitoke kwa mnyama anayeruhusiwa kuliwa. Sharti hilo linathibitishika maabara.

Wapo pia wageni wasio seli. Maikoplasma ni bakteria wadogo mno wasio na ukuta wa seli. Hupenya vichujio vingi, na penisilini haiwadhuru, kwa kuwa penisilini hushambulia ukuta ambao wao hawana. Hawaichafui chupa kwa ukungu unaoonekana. Huidhoofisha polepole na kubadilisha tabia ya seli, hivyo mtaalamu anaweza kuwaza kwamba amechagua seli mbaya kumbe amefuga bakteria. PCR huwagundua. Kuna na virusi vya kuhara vya ng'ombe, vifahamikavyo kwa kifupisho cha BVDV, ambavyo kwa miaka mingi vimekuwa vikipatikana katika seramu ya ndama walio tumboni, yaani seramu inayotolewa kwa ng'ombe wajawazito waliochinjwa na kutumika kulisha seli. Ni sababu mojawapo, pamoja na ile ya huruma kwa wanyama na ya bei, iliyowafanya watafiti waiache seramu hiyo. Kampuni ya Mosa Meat ya Maastricht ilichapisha mwaka 2022 kimiminika kisicho na seramu kinachowezesha seli za ng'ombe kukomaa kuwa nyuzi za misuli.

Mgonjwa akiuliza

Anayeuliza kama nyama hii itampa saratani ajibiwe kwa utulivu. Seli za ng'ombe zilizoliwa zimekwisha kufa; hupikwa, huvunjwavunjwa na asidi na vimeng'enya vya tumbo, na DNA yake humeng'enywa kama DNA ya nyama nyingine yoyote tuliyokula maisha yetu yote. Hata kama seli hai ingepenya, kinga ya mwili ingeitambua kuwa ngeni. Kupima kromosomu na TP53 kunafanywa kwa sababu seli iliyobadilika huweza kutoa protini zisizotarajiwa na kuharibu ubora wa chakula. Hakufanywi kwa dhana kwamba saratani huambukizwa kwa kula. Mwaka 2023 FAO na WHO walitoa ripoti ya wataalamu kuhusu usalama wa vyakula vya aina hii, na hatari nyingi zilizoorodheshwa humo, kama vijidudu, mabaki ya kemikali na vizio, ni zilezile zinazojulikana katika vyakula vya kawaida.

Mwenye mzio anahitaji jibu lenye tahadhari zaidi. Baadhi ya watu walioumwa na kupe hupata mzio wa nyama nyekundu, na dalili zake hutokea saa kadhaa baada ya kula, jambo linalowapotosha waganga wengi. Chanzo ni sukari iitwayo alfa-gali, inayotengenezwa na seli za ng'ombe, mbuzi, kondoo na nguruwe kwa kutumia jeni ya GGTA1. Binadamu hana jeni hiyo ikifanya kazi. Seli ya ng'ombe iliyokuzwa maabara bado ni seli ya ng'ombe, na jeni hiyo imo. Mgonjwa wa namna hii asiambiwe kwamba nyama ya maabara ni salama kwake, isipokuwa pale ambapo jeni hiyo imezimwa kwa makusudi na kipimo kimethibitisha hivyo. Kwa nguruwe hilo limekwisha kufanyika: mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliidhinisha Desemba 2020 nguruwe waliozimwa jeni hiyo.

Lipo pia swali la damu, ambalo katika kliniki za wajawazito litakuwa la kwanza nyama hii ikifika. Baga ya mwaka 2013 ilitiwa juisi ya kiazisukari chekundu na zafarani ili ipate rangi. Sababu ni kwamba seli za misuli zilizokuzwa chupani zilitengeneza mayoglobini kidogo, na mayoglobini ndiyo inayoipa nyama wekundu wake na sehemu kubwa ya madini yake ya chuma. Jeni ya mayoglobini ilikuwepo; haikufanya kazi ya kutosha, na hapa tena ni RNA na protini zinazopaswa kupimwa. Vitamini B12 ni jambo jingine kabisa. Ng'ombe hana jeni za kuitengeneza. Anaipata kutoka kwa bakteria wanaoishi tumboni mwake, na chupa ya maabara haina bakteria hao. Itakuwemo katika nyama kwa kiasi kile tu ambacho mtengenezaji ametia katika lishe ya seli au kuongeza baadaye. Kwa hiyo mama mwenye upungufu wa damu aliyeshauriwa kula nyama asomewe kiasi cha chuma na cha B12 kilichoandikwa kwenye kifungashio, na vidonge vyake vya madini ya chuma na asidi ya foliki aendelee kuvimeza kama alivyoelekezwa.